Kabla ya Penseli, Vidole Viwe na Nguvu
Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea, Kaunti ya Kwale



Kila muhula walimu wa chekechea hupokea lalamiko lile lile. Mzazi hufungua daftari la mtoto wa PP1, akikuta kurasa tupu huuliza: "Kwani mwanangu huja hapa kucheza tu?" Wengine huwahamishia watoto kwingine, ambako mtoto wa miaka minne hujaza daftari kila siku.

Mchezo huo ndio somo. Mtoto anapofinyanga udongo, kutunga shanga au kupukuchua mahindi, vidole vyake hupata nguvu ya kushika penseli kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati. Anapochora mawimbi na miduara mchangani, mkono huzoea mikunjo ya herufi. Akilazimishwa mapema, huchoka, huchukia kuandika, na mwishowe huogopa shule. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie. Na kofi halifundishi herufi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi.

Kusoma nako huanzia masikioni. Mtoto anayesimuliwa hadithi na kuteguliwa vitendawili kwa lugha ya nyumbani, iwe Kidigo, Kiduruma au Kiswahili, huja darasani na akiba ya maneno. Neno analolijua halimpi taabu akilikuta kitabuni. Kiswahili chenyewe kina irabu tano tu, na kila moja hutamkwa vile vile popote ilipo. Mtoto apige makofi kwa kila silabi: ku-ku, sa-ma-ki. Kisha atafutiwe herufi ya kwanza ya jina lake kwenye pakiti ya unga au bango la dukani.

Mzazi asiyejua kusoma pia ana nafasi yake. Asimulie hadithi, kisha amwombe mtoto airudie. Dakika kumi kila jioni zinatosha.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Madarasa na walimu ni jukumu la kaunti, lakini jioni mtoto yuko nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo akirudi, asiulizwe ameandika kurasa ngapi. Aulizwe amejifunza nini, na asikilizwe mpaka amalize.