Picha, Sensa na Ardhi: Weusi wa Kolombia na Haki ya Kuonekana



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaadhimisha watu wenye asili ya Afrika katika Amerika ya Kilatini. Eneo hilo ni pana mno, hivyo nitakaa Kolombia peke yake. Hoja yangu ni kwamba ngoma na mavazi havitoshi kuwaenzi watu ambao dola imezoea kuwafuta.

Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Juan José Nieto Gil alishika urais kwa takriban miezi sita. Alikuwa mwanasiasa na mwandishi wa riwaya kutoka pwani ya Karibi, na alikuwa mweusi. Inaelezwa kwamba picha yake ya kuchorwa ilipelekwa Paris, uso ukapakwa rangi upya hadi ukawa mweupe. Baadaye picha hiyo ilisahaulika ghalani mjini Cartagena, mpaka mwanasosholojia Orlando Fals Borda alipoiibua miaka ya 1970. Ikulu ya Bogotá iliitundika mwaka 2018. Miaka 157! Muda wote huo watoto weusi walikariri majina ya marais bila kujua kwamba mmoja wao alikuwa damu yao.

Mwaka huohuo wa 2018 ilifanyika sensa. Ile ya 2005 ilikuwa imewaorodhesha Weusi zaidi ya milioni 4.3; hii mpya ikawaona pungufu ya milioni 3. Hakuna tauni iliyopita hapo katikati. Jumuiya za Weusi zilipiga kelele, na idara ya takwimu ikatoa makadirio mengine ya takriban milioni 4.67. Tusilichukulie jambo hili kama kosa dogo la makarani. Mgawo wa shule, zahanati na maji hufuata takwimu, na asiyehesabiwa hana anachopangiwa.

Lakini kiini cha mambo ni ardhi, nami naomba tukae hapo kidogo. Kando ya mito ya pwani ya Pasifiki, wajukuu wa watumwa wa migodi ya dhahabu walilima, walivua na kuzikana kwa vizazi vingi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1959, misitu hiyo ilikuwa hifadhi ya serikali, ardhi isiyo na mwenyewe. Wenyewe walikuwepo, wanapika! Wakajipanga, wakadai, na katiba ya 1991 ikafungua mlango. Tarehe 27 Agosti 1993 ilipitishwa Sheria Namba 70, iliyowapa haki ya kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia mabaraza ya jamii, ardhi isiyoweza kuuzwa wala kunadiwa kwa deni. Tangu hapo zaidi ya hekta milioni 5 zimepata hati.

Hati, hata hivyo, haizuii risasi. Februari 1997, katika bonde la mto Cacarica, wanamgambo walivamia vijiji huku jeshi la taifa likiendesha operesheni yake papo hapo, na maelfu wakakimbia makwao. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliitia Kolombia hatiani kwa maafa hayo.

Francia Márquez alitoka katika mapambano ya namna hiyo. Mwaka 2014 aliongoza wanawake kutembea kutoka La Toma, milima ya Cauca, hadi Bogotá, kupinga uchimbaji haramu wa dhahabu uliokuwa ukiharibu mto wao. Mwaka 2022 akawa makamu wa rais, mwanamke mweusi wa kwanza kushika cheo hicho, na Mei 2023 alizuru Kenya. Magazeti mengi yalishughulika na vitambaa vya nguo zake. Mimi naona habari kubwa ilikuwa ule mto.

Napendekeza basi kwamba vitabu vyetu vya historia, vinapofikia biashara ya utumwa, visiishie merikebuni. Viwe na sura ya San Basilio de Palenque, kijiji cha watoro karibu na Cartagena, na ya Benkos Biohó, aliyewaongoza watoro wa eneo hilo kabla Wahispania hawajamwua mwaka 1621. Mwanafunzi aliyesoma habari za watoro wa Fuladoyo, pwani ya Kenya, atawaelewa upesi. Sura hiyo ifuatwe na Sheria Namba 70, pamoja na ramani ya mito yenyewe.