Nakala ya Akiba kwa Mtumiaji Asiyeona: Je, Utaweza Kuirudisha Mwenyewe?



Tunaanza na kisa cha mwalimu mmoja mstaafu aliyefika kwenye dawati letu la malalamiko. Mwalimu huyu haoni, na kwa miaka mingi amekuwa akitumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, yaani ile inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Ni mtu mwangalifu. Alinunua diski ya nje, akanunua na programu ya kuhifadhi nakala ya akiba, ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa inamfaa kila mtu. Mpwa wake akamwekea kila kitu, na kila Jumapili usiku nakala ikawa inajitengeneza yenyewe.

Siku kompyuta ilipokufa, mpwa alikuwa safarini. Mwalimu akaazima kompyuta ya jirani, akachomeka diski, akaweka programu ile, na alichokisikia kilikuwa neno moja tu likirudiwa: kitufe, kitufe, kitufe. Watengenezaji walikuwa wamechora picha juu ya kila kitufe bila kukipa jina, na programu ya kusoma skrini haina namna ya kutamka jina ambalo halikuandikwa. Kazi yake yote ilikuwa imo ndani ya diski aliyoishika mkononi, naye hakuweza kuifikia.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kuuliza kama nakala ipo, yafaa kuuliza kama mtaweza kuirudisha wenyewe, kwa masikio na kibodi, siku ambayo hakuna mwenye macho karibu. Jambo hili linagusa pia faragha. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna barua za benki, majibu ya hospitali na mambo ya ndoa. Asiyeweza kurudisha nakala yake analazimika kumfungulia mtu mwingine yote hayo.

Ushauri wetu wa kwanza utawashangaza wauzaji: mara nyingi huhitaji kununua programu yoyote. Njia iliyo nyepesi kwa anayetumia masikio ni kunakili mafaili kama yalivyo, kutoka folda moja kwenda nyingine. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E ili kufungua orodha ya mafaili. Nenda kwenye folda yako ya nyaraka, chagua vyote kwa Control na A, nakili kwa Control na C, kisha nenda kwenye diski ya nje na ubandike kwa Control na V. Faili lililonakiliwa hivyo hufunguka katika kompyuta yoyote, bila leseni na bila kitufe kisicho na jina.

Ipe kila nakala folda yake, na jina la folda liwe tarehe inayoanza na mwaka, kwa mfano 2025-06-14. Zikipangwa kwa majina, folda hizo zitafuatana kwa mpangilio wa tarehe, na mshale mmoja wa kibodi utakupeleka kutoka nakala moja hadi inayofuata.

Kazi ya kunakili ikiwa ndefu, watumiaji wa NVDA watasikia milio midogo inayopanda kadiri kazi inavyosonga mbele. Milio ikikoma, msiharakishe kuchomoa diski. Huenda kazi imekwisha, na huenda pia Windows imesimama ikisubiri jibu, kwa mfano kama faili la zamani lifutwe au liachwe, na dirisha la swali hilo limejificha nyuma ya jingine. Bonyeza Alt na Tab upite katika madirisha yote yaliyo wazi.

Kisha hakiki. Simama juu ya folda ya asili, bonyeza Alt na Enter, na usomewe idadi ya mafaili na ukubwa wake. Katika NVDA, kitufe cha NVDA pamoja na B husoma dirisha zima. Fanya vivyo hivyo kwa nakala. Idadi zikilingana, fungua mafaili mawili au matatu kutoka kwenye nakala yenyewe na uyasikilize. Kuna watu waliobeba flashi mwaka mzima wakidhani wamehifadhi nyaraka, kumbe walinakili njia za mkato zilizokuwa kwenye eneo-kazi, ambazo nje ya kompyuta ile hazifungui chochote.

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo miongozo ya kawaida hailigusi, kwa kuwa iliandikwa na watu wanaoona: sauti yenyewe. Kompyuta mpya ikiwashwa mbele ya mtu anayeona, humwonyesha kioo; kwa asiyeona, huanza kwa ukimya. Kasi ya usomaji uliyoizoea, kamusi ya matamshi uliyoijenga neno kwa neno ili majina ya Kiswahili yasitamkwe kama ya Kiingereza, na mipangilio ya kifaa cha nukta nundu, vyote ni mali yako na vinapotea pamoja na diski.

NVDA, programu isiyolipiwa ambayo ilianzishwa nchini Australia mwaka 2006, ina dawa nzuri ya tatizo hili. Inaweza kujitengenezea nakala ya kubebeka ndani ya flashi. Bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na N, ingia sehemu inayotamkwa Tools, chagua Create portable copy, na utie alama kwenye kisanduku cha kunakili mipangilio yako ya sasa. Baada ya hapo flashi hiyo, ukiichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows inayoruhusu na kuianzisha NVDA iliyomo, itazungumza kwa sauti yako na kasi yako. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG imo ndani yake tayari.

Nakala hiyo ina mipaka. Haisomi ukurasa wa kuingiza neno la siri unapowasha kompyuta, wala maonyo ya usalama yanayofunika skrini nzima. Hapo tumieni Narrator iliyomo ndani ya Windows, inayoamshwa kwa Control, Windows na Enter kwa pamoja. Lakini kurasa zinazotokea kabla Windows haijaamka kwa kawaida hazina sauti kabisa. Basi jueni mapema kama diski ya kompyuta yenu imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, siku moja inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na huo ufaao kuandikwa kwa nukta nundu na kuwekwa mbali na kompyuta. Wanaotumia programu za kusoma skrini za kulipia wahifadhi pale pale namba za leseni zao na risiti.

Hifadhi ya mtandaoni inasaidia, ingawa hula vifurushi. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo na OneDrive 5. Tahadhari ni kwamba huduma nyingi za aina hii hufuatisha: ukifuta faili nyumbani kwa bahati mbaya, na la mtandaoni huenda kwenye kapu la taka, ambako OneDrive ya mtu binafsi hulitunza siku 30 tu. Kwa hiyo diski ya mkononi ingali na kazi. Ziwe mbili, moja ikae kwa ndugu au rafiki, na iliyoko nyumbani ichomolewe baada ya kazi, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili ili kudai fidia hufunga pia yale ya diski iliyochomekwa. Mpira mmoja wa bendi kwenye diski ya kwanza na miwili kwenye ya pili vinatosha kuzitofautisha kwa vidole.

Ikiwa bado mnataka kununua programu ya nakala, ombeni kuijaribu kwanza, na jaribio lenyewe liwe la kurudisha. Nakilini folda ndogo, badilisheni jina la folda ya asili, kisha rudisheni nakala mkiwa peke yenu, kioo kikiwa kimezimwa na kipanya kimewekwa kando. Mkikwama, muuzaji aambiwe pale pale kabla fedha hazijatoka.

Na mnapopeleka kompyuta kwa fundi, risiti ieleze kama diski itafutwa au la, na kama itabadilishwa, ya zamani irudishwe kwenu. Siku ya kuichukua, njooni na ile flashi yenye sauti mfukoni, mwikague kompyuta hapo kaunta, folda kwa folda, ndipo mlipe.