Je, Baridi Kuu Itarudi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Njiru, Nairobi. Tunaichapa ili vikundi vingine navyo vifaidike.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililoleta mabishano katika kikundi kimoja hapa. Wanachama wake wameweka akiba kwa muda mrefu wanunue tangi la maji ya mvua na miche ya miti. Sasa mzee wetu mmoja akasimama akasema: "Nimesikia dunia iliwahi kufunikwa na barafu, na kwamba barafu hiyo itarudi. Tazameni Julai hii ilivyo. Ya nini kupanda miti itakayokufa kwa baridi? Tugawane pesa zetu." Wengine wakacheka, lakini wengine wakanyamaza. Mimi sikucheka. Mzee ameuliza swali zuri, na linahitaji jibu.

Kwanza, ni kweli. Barafu kuu ilikuwako, na alama zake ziko hapa kwetu. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama mahali pa wazi hapa Njiru ukatazama kaskazini, unauona Mlima Kenya. Mimi nililelewa upande wa Nyeri, na hicho kilele tulikijua kikiwa cheupe. Mwaka wa 1849 mmishonari Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui. Mwenzake Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848. Walipoandika habari hizo, wasomi wengine wa London walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wenyeji walikuwa wakiiona kila siku!

Sasa, ukipanda mlima huo kwa njia ya bonde la Teleki, utaona bonde pana ambalo pande zake zimechongwa kama hori. Maji peke yake hayachongi hivyo. Ni barafu iliyoteremka polepole ikisaga miamba, na ilipofika mwisho ikaacha malundo ya mawe na udongo. Malundo hayo yako chini hadi mita 3,200 hivi. Barafu ya leo iko juu ya mita 4,500. Hata Elgon na Nyandarua, ambako leo hakuna barafu kabisa, alama kama hizo zipo.

Kilele cha mwisho cha baridi hiyo kilikuwa miaka kama 20,000 iliyopita. Kanada na Ulaya ya kaskazini zilifunikwa na barafu, mahali pengine unene wake ukapita kilomita 3. Maji mengi sana yalifungwa katika barafu hiyo hata bahari ikashuka mita 120 hivi. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu angetoka upande wa Bagamoyo akafika huko kwa miguu.

Na huku kwetu je? Sikilizeni vizuri hapa. Huku kwetu shida kubwa ilikuwa ukame. Bahari ikipoa, mvuke hupungua na mvua hupungua. Misitu ilirudi nyuma, na Ziwa Victoria lenyewe, lile ziwa kubwa, lilikauka kabisa miaka kati ya 17,000 na 15,000 iliyopita.

Basi chanzo chake ni nini? Mmoja wa watu wa kwanza kulieleza vizuri alikuwa James Croll wa Scotland. Aliacha shule akiwa kijana mdogo kwa sababu ya umaskini, akawa mtunza jengo la chuo huko Glasgow. Akimaliza kazi yake, aliingia maktaba akasoma. Mwaka wa 1864 alichapisha maelezo yake, na maprofesa wakamsikiliza. Nasema hivyo kwa ajili ya wale wanaodhani elimu ni ya wenye vyeti tu. Baadaye Milutin Milankovitch wa Serbia alifanya hesabu kwa miaka mingi na kulisahihisha wazo hilo.

Walisema hivi. Dunia inazunguka jua, lakini njia yake haikai vilevile. Kwa muda wa miaka kama 100,000 njia hiyo huwa karibu duara, kisha ikarefuka kidogo kama yai. Tena dunia imeinama, na kuinama huko huongezeka na kupungua katika miaka 41,000. Tena inayumba kama pia ya mtoto inapokaribia kuanguka, na kuyumba huko huchukua zaidi ya miaka 20,000. Mambo hayo matatu hubadilisha kiasi cha jua kinachofika nchi za kaskazini wakati wa kiangazi chao.

Mbona kiangazi, na si wakati wa baridi? Fikirieni sanduku la chama. Kila mwaka theluji inaanguka, huo ni mchango. Kiangazi kinakuja kinaiyeyusha yote, huko ni kutoa pesa. Kiangazi kikiwa dhaifu, kuna salio. Mwaka ujao salio jingine. Hata kama ni kidogo, baada ya miaka elfu kadhaa sanduku limejaa. Tena barafu nyeupe ni kama mabati mapya, inarudisha jua angani, basi baridi inazidi. Na hewa ya kaboni, ambayo ni kama blanketi la dunia, nayo hupungua kwa sababu bahari baridi huinywa.

Mwaka wa 1976 wanasayansi walipima matope yaliyotolewa chini ya Bahari ya Hindi, yenye magamba ya viumbe vidogo vya kale. Walikuta vipindi vilevile vya baridi na joto. Hesabu na matope vikakubaliana.

Sasa tulijibu swali la mzee. Je, itarudi? Kwa njia ya dunia peke yake, ndiyo, siku moja ingerudi. Lakini ni jambo la maelfu mengi ya miaka. Baridi hii ya Julai haihusiki. Hii ni pepo za kusi zikileta mawingu ya chini yanayoifunika Nairobi. Mwezi wa Septemba mtavua sweta.

Tena kuna jambo jipya. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kaboni ilikuwa sehemu 280 hivi. Wakati wa barafu kuu ilikuwa kama 180. Leo imepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na kukata misitu. Blanketi limekuwa zito, na wanasayansi wanaona kwamba litaichelewesha barafu.

Kijana mmoja ameniuliza pale nje, "Basi si tuushukuru huo moshi?" La, kijana. Nani ajifunike mablanketi matatu mchana wa jua, eti kuna baridi inayokuja baada ya miaka elfu kumi? Tazama mlima. Mwaka wa 1899 ulikuwa na barafu 18. Nyingi zimekwisha. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote, ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Watoto wetu huenda wakaujua mlima mweusi tu.

Maji yetu hayatakauka kwa sababu hiyo peke yake. Mito ya mlima hupata maji yake mengi kutokana na mvua na msitu. Barafu huchangia kidogo tu. Maji ya mabomba ya Nairobi mengi yanatoka Ndakaini, chini ya misitu ya Nyandarua. Lakini hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na mvua ikija huja kwa kishindo. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Na kabla yake, kuanzia mwisho wa 2020, kaskazini mwa nchi mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Hiyo ndiyo hatari yetu.

Kwa hiyo, mzee wangu, kwa heshima yote, nasema akiba hiyo isigawanywe. Tangi litashika maji ya mvua ile kubwa na kuyaweka hadi siku ya kiangazi. Miti mtakayopanda karibu na machimbo ya mawe na ukingo wa mto itashika udongo. Barafu ilikusanyika kidogo kidogo hata ikafunika nchi nzima. Nasi tunaweza kukusanya maji kidogo kidogo yakatosha nyumba zetu.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Wazee wenu wanakumbuka nini juu ya mvua, mito na milima ya utoto wao?
2. Mvua kubwa ikija kesho, maji ya paa lenu yatakwenda wapi?
3. Ni kazi gani moja kikundi chenu kinaweza kuianza kabla ya mvua ijayo?