Vidato Vitatu Mlangoni

Mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu amefika mlangoni mwa ofisi ya kata. Mbele yake, vidato vitatu. Anafunga breki, anasubiri wa kumbeba. Hebu niambie: kinachomzuia ni miguu yake, au vile vidato?

Mwaka 1976, huko Uingereza, chama cha UPIAS cha watu wenye ulemavu wenyewe kilijibu: mwili una hitilafu zake, sawa, lakini ulemavu huletwa na jamii inayojenga bila kuwafikiria wenye hitilafu hizo. Mwaka 1983 Mike Oliver, mwanazuoni aliyetumia kiti cha magurudumu, akaliita wazo hilo modeli ya kijamii.

Kiswahili nacho kina lake. Kipofu, kiziwi, kilema: majina yamevishwa KI-, kama kiti na kijiko! Ndiyo maana siku hizi twasema asiyeona, mwenye ulemavu. Ila kubadili jina ni rahisi. Kazi iko kwenye saruji. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike.

Basi fundi wako akianza kupima vidato, mwambie apime na njia ya mteremko.