Dada, Usikae Nyuma kwa Aibu



Nasema na wewe dada mjamzito unayeogopa kuruka wakati wa sifa. Ukikohoa, ukicheka, ukipiga chafya, mkojo unakuponyoka. Basi unakaa karibu na mlango, na mwisho unaacha kuja ibadani. Dada, hiyo si laana wala si pepo! Mimba inalemea misuli ya chini ya nyonga inayoshikilia kibofu, na homoni zinailegeza.

Misuli hiyo inafanyiwa mazoezi. Kaa, kaza kama unayezuia mkojo na hewa chafu, hesabu hadi 5 huku unapumua, kisha legeza kabisa. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Usijizoeze kwa kukata mkojo chooni. Na mkunga wako kliniki umwambie, usimfiche.

Lakini wewe uliyepata uchungu wa muda mrefu, na sasa mkojo unatoka mfululizo, huenda ni fistula. Hapo mazoezi hayatoshi. Nenda hospitali, wengi wamepona kwa upasuaji.

Wababa, msiwacheke wake zenu. Mama wachungaji, lifundisheni hili kwenye vikao vya akina mama. Tutakuombea, dada, na mazoezi ufanye. Amina.