MWUGUZI KUONGOZA KAZI KATIKA NYUMBA ZA WAZEE

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya kazi isiyo ya reli. Labda mtu atauliza, watu wa genge la njia wanajua nini juu ya uuguzi? Twajibu hivi: wengi wetu tuna mabinti na wadogo zetu waliosomea kazi hiyo. Tangu Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi wa afya, tunasikia vijana wetu wakizungumza habari za safari. Wako watakaokwenda kufanya kazi katika nyumba za kulelea wazee. Tena sisi wenyewe tunazeeka. Basi neno hili latuhusu.

Kwanza tuelewane. Hapa kwetu mtu akisema "nasingi homu" tunafikiri hospitali ndogo ya mtu binafsi, mahali pa kujifungulia. Nyumba tunazozisema leo si hizo. Ni nyumba ambamo wazee wasioweza kujitunza hukaa miaka, na wengi hufia humo. Si wagonjwa wa kulazwa wiki moja. Hapo ndipo kwao.

Shida ya nyumba hizo ni kwamba mara nyingi daktari hakai humo. Huja siku yake na kuondoka. Usiku mzee akibadilika hali, aliye zamu ni mlezi mwenye mafunzo madogo. Akiogopa lawama huita gari la wagonjwa, na mzee hupelekwa hospitali. Safari nyingine ni za lazima kabisa. Lakini nyingine zingeweza kuzuiwa, kama kichomi, upungufu wa maji mwilini au ugonjwa wa njia ya mkojo ungaligunduliwa mapema. Na hospitali si mahali pepesi kwa mzee: hulala kitandani mchana kutwa, miguu ikaisha nguvu, ngozi ikafanya vidonda, na akili ikapotea katika mahali pageni.

Hayo tumeyaona kwa macho yetu. Mama wa mmoja wetu alikuwa akitunzwa nyumbani na msichana wa kazi. Siku tatu mama aliacha uji nusu kikombe, akawa hasemi sana. Msichana aliona. Hakuna aliyemwuliza, naye hakuthubutu kusema, maana siku moja aliposema jambo aliambiwa yeye si daktari. Usiku wa nne tulikodi gari kwenda hospitali, mama akihema kwa shida. Kilikuwa kichomi. Alirudi baada ya majuma matatu na kidonda mgongoni, asiijue nyumba yake mwenyewe. Tulimlaumu msichana. Leo twakiri kwamba lawama ilikuwa yetu.

Ndugu, sisi watu wa reli tungalipaswa kujua. Nani huona kwanza taruma lililooza au skrubu iliyolegea? Si mkubwa aliye ofisini, bali yule atembeaye juu ya njia asubuhi na spana begani. Mtu huyo akinyamazishwa, treni huanguka.

Sasa twende Uswisi. Huko Chuo Kikuu cha Basel kilisimamia mpango uitwao INTERCARE katika nyumba 11 za wazee, upande wa nchi wanakosema Kijerumani. Ulianza mwaka 2018, ukamalizika mwaka 2020, na wazee 942 walihusika. Hawakuanzisha nyumba zote siku moja. Ziliingia kwa zamu, ili ionekane hali ilivyokuwa kabla na baada. Shina la mpango lilikuwa hili: katika kila nyumba achaguliwe mwuguzi mwenye uzoefu wa kazi ya wazee, afundishwe zaidi, kisha apewe nafasi ya kuongoza. Yeye humpima mzee kwa utaratibu, huwafundisha walezi, huzungumza na daktari, na humwuliza mzee na jamaa zake mapema wanataka nini hali ikiwa mbaya, wasije wakaulizwa usiku wa hofu.

Vyombo vyao viwili twapenda kuvieleza, kwa sababu ni vya watu wa kawaida.

Cha kwanza ni karatasi iliyotoka Marekani. Inauliza maswali mepesi. Je, mzee anaonekana si kama kawaida yake? Anasema kidogo kuliko jana? Amekula kidogo, amekunywa kidogo? Ana maumivu mapya? Amechoka, amechanganyikiwa? Ngozi imebadilika? Anahitaji kushikwa zaidi akitembea? Karatasi hii hata mfagiaji na mpishi aweza kuitia alama na kumpa mwuguzi. Msichana wetu angalikuwa nayo, angalitia alama mbili siku ya kwanza.

Cha pili ni utaratibu wa kumpasha daktari habari. Ulianza kwa mabaharia wa manowari za Marekani, ukaingia hospitali. Mwuguzi hujitaja yeye na mgonjwa. Husema kuna nini sasa. Husema hali ilivyokuwa nyuma. Husema yeye mwenyewe anaona ni nini. Mwisho husema anaomba nini. Si kulia kwenye simu, "Daktari, mzee ni mgonjwa, njoo!" Sisi twaujua utaratibu wa namna hii. Aliye zamu stesheni hapokezi kazi kwa kupunga mkono: husema treni iko wapi, njia i wazi au imefungwa.

Matokeo yalikuwaje? Kabla ya mpango, safari za hospitali zisizopangwa zilikuwa zikizidi kuongezeka. Baada ya mpango kupanda huko kulizuiwa. Marekani nako, katika jimbo la Missouri, nyumba 16 za upande wa St. Louis ziliwekewa wauguzi wenye elimu ya juu katika mpango ulioanza mwaka 2012, na safari hizo zilipungua. Nasi Kenya tusione ni ajabu ya Wazungu. Katika zahanati za vijijini kwetu ni nani anayeongoza kazi? Ni mwuguzi.

Lakini, ndugu, hapa ndipo chama kinapoingia. Mpango mzuri waweza kugeuzwa mzigo. Tajiri aweza kusema, "Kumbe mwuguzi anaweza kazi ya daktari," akamtwika kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kwa hiyo twasema mambo manne:

1. Mafunzo kwanza, madaraka baadaye. Asipewe mtu kazi asiyofundishwa, kisha alaumiwe.

2. Madaraka yaandikwe: aamue nini peke yake, na lini lazima amwite daktari.

3. Mshahara ulingane na mzigo, na saa za kuongoza zisiliwe na zamu za kawaida. Mwuguzi anayekimbia vitanda usiku kucha hana nafasi ya kufundisha mtu.

4. Anayetoa habari asiadhibiwe, hata kama alikosea kwa kuhofia. Heri kusimamisha treni kumi bure kuliko kuacha moja ipinduke.

Mwenye binti anayetaka kwenda kazi hizo, amsomee mkataba kabla ya kutia sahihi. Waulize: usiku yuko mwuguzi zamu au yuko peke yake? Wazee wangapi kwa mtu mmoja? Nani ana ruhusa ya kumpigia daktari? Iko ruhusa ya kujiunga na chama? Pasipo na majibu, afikiri mara mbili.

Na sisi tulio na wazee nyumbani, tuanze leo jioni. Tumwulize yule anayemlisha mama: "Leo umeona nini?" Kisha tunyamaze tumsikilize.