Mnunuzi Yuko Wapi?



Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza ukumbini kwetu baada ya taraweh, mbele ya vijana wenzangu na wazee wachache waliokuwa wamekaa nyuma. Nilipoitaja mada, wazee walikohoa. Nilipomaliza, mmoja wao akaniita akaniambia, "Mwanangu, yaandike hayo, wasome na wale ambao hawakuja." Basi nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Ukikutana na maneno ya baraza humu ndani, nistahimilie.

Najua mada yenyewe inatia haya. Ukahaba si jambo la kuzungumzwa ovyo, tena mwezi kama huu. Lakini haya ni ya kumsitiri mja, si ya kuifunika dhulma. Mwezi huu ndio tunaofundishwa kuchunga tumbo, ulimi na macho. Sasa tukiona jambo ambalo wawili wamelifanya na mmoja peke yake ndiye anayeadhibiwa, tunyamaze kwa sababu ya haya?

Wacha nikwambie lililonisukuma. Mimi nasomea sheria. Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilikuwa nikifuatana na wakili mmoja kortini ili nijifunze kazi. Korti ipi na mji upi, sitataja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Wakaletwa wanawake tisa waliokamatwa Ijumaa usiku na askari wa kaunti, wale ambao mpaka leo tunawaita kanjo. Shtaka lao ni kuzurura kwa nia ya ukahaba. Wote tisa walikiri, manake ukikana kesi inaahirishwa, na dhamana huna. Kila mmoja akapigwa faini ya shilingi elfu mbili, au mwezi mmoja jela. Haikupita robo saa, ishakwisha. Mmoja wao, amejitanda leso mabegani, alikuwa akimuomba karani ruhusa ya kupiga simu. Mtoto wake alikuwa kwa jirani tangu Ijumaa.

Nikamuuliza yule wakili, "Mzee, hawa walikuwa wakimuuzia nani?" Akacheka. Akaniambia, "Kijana, hilo halimo kwenye karatasi ya mashtaka."

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Wauzaji tisa, mnunuzi hata mmoja hayuko. Halafu fikiri, ndugu yangu: mwanamke asiye na kitu, ile elfu mbili ataitoa wapi? Atarudi pale pale alipokamatwa. Yaani yule mwanamume ambaye hakuletwa kortini ndiye atakayeilipa ile faini, na atailipa kwa kumnunua tena. Hivi hapo sheria imekataza ukahaba, au imeuongezea kazi?

Sheria yetu ya Kenya yasemaje? Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, ina vifungu vya 153 na 154 vinavyowahusu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba wa wengine, na kifungu cha 156 kinachowahusu wenye madanguro. Kifungu cha 153 chamtaja pia mwanamume anayewashawishi watu hadharani kwa mambo machafu. Lakini kulipa kwenyewe, mtu mzima kumlipa mtu mzima mwenzake, hakukutajwa. Na kuuza kwenyewe pia hakukutajwa. Kinachowanasa wale wanawake ni sheria ndogo za miji na kaunti kuhusu kuzurura na kuita watu njiani. Na anayesimama njiani ni nani? Ni muuzaji. Mnunuzi yuko ndani ya gari, kioo amekipandisha. Sheria inayokamata aliyesimama tu itamkamata mwanamke kila siku.

Sasa sikiliza habari ya Uswidi. Nchi hiyo ilipitisha sheria mwaka 1998, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1999. Ilikuwa ya kwanza duniani ya namna yake. Waliugeuza ule mzani: anayeuza mwili wake hana kosa, anayenunua ndiye mwenye kosa. Adhabu ilikuwa faini au kifungo kisichozidi miezi 6, na mwaka 2011 kifungo kikapandishwa hadi mwaka 1. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Katika biashara hii, mara nyingi mmoja ana shida na mwengine ana pesa. Mwenye shida hakuchagua kwa uhuru kama mwenye pesa. Basi sheria imuulize mwenye pesa.

Wengine wakafuata: Norwe na Aisilandi mwaka 2009, Kanada mwaka 2014, Ayalandi ya Kaskazini mwaka 2015, Ufaransa mwaka 2016, Jamhuri ya Ayalandi mwaka 2017. Ile ya Norwe inamfuata raia wake hata akinunua nje ya nchi. Nasi watu wa Pwani, tunaopokea watalii mwaka mzima, tulitie hilo akilini.

Ufaransa inafaa kuangaliwa zaidi, kwa sababu wao wamepita pale tulipo sisi. Tangu mwaka 2003 walikuwa na sheria ya kumuadhibu mwanamke hata kwa kusimama tu njiani kwa namna inayoonyesha anangoja wateja: miezi 2 jela na faini ya euro 3,750. Sheria ya Aprili 2016 ikalifuta kosa hilo. Badala yake mnunuzi akawekewa faini inayofika euro 1,500, na akirudia yafika 3,750. Hakimu anaweza pia kumpeleka darasani akafundishwe madhara ya alilofanya. Na kwa upande wa mwanamke, ikaundwa njia ya kutoka: msaada wa pesa kidogo, makazi, na kibali cha muda cha kuishi nchini kwa wageni wanaokubali kuacha kazi hiyo. Yaani mlango mmoja umefungwa, na mwengine ukafunguliwa.

Je, zinafanya kazi? Hapa nataka tuwe wakweli, manake kijana akisikia jambo limpendezalo huwa hataki kusikia la pili. Ripoti ya serikali ya Uswidi ya mwaka 2010 ilisema kwamba ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa nusu. Wapinzani wakajibu: haukupungua, umehama, umeingia kwenye simu na intaneti. Huko Ayalandi ya Kaskazini, utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliona kwamba sheria haikupunguza sana idadi ya wanunuzi. Shirika la Amnesty International lilitoa msimamo wake mwaka 2016 kwamba asiadhibiwe muuzaji wala mnunuzi wakiwa ni watu wazima waliokubaliana. Hoja yao ni kwamba mnunuzi akiogopa polisi, mwanamke hufuatwa mafichoni, mahali ambapo akipigwa hakuna wa kumsikia. Na watu 261 wanaofanya kazi hiyo waliipeleka Ufaransa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Julai 2024 mahakama ikaamua kwamba sheria ile haikuvunja haki zao.

Kwa hivyo usitoke hapa ukasema kwamba Wazungu wamepata dawa. Hawajapata. Kuna hoja ya kumlinda mwanamke kwa kumwadhibu mnunuzi, na kuna hoja ya kwamba adhabu hiyo yaweza kumuumiza yule yule unayetaka kumlinda. Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa sharti kwamba ule mlango wa kutoka uwe wa kweli. Ukimfukuza mteja bila kumpa mwanamke njia nyingine ya kula, umempa njaa na ukaiita haki. Lakini ona jambo hili: hawa wanaogombana Ulaya, wa huku na wa huku, wamekubaliana kwamba kumkamata mwanamke peke yake ni makosa. Hapo wanapokutana, sisi bado hatujafika.

Tuje nyumbani. Mwaka 2006 UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa sehemu hizo walikuwa wakiingia na kutoka katika ukahaba. Wasichana, yaani watoto walio chini ya miaka 18. Sote hapa tukisikia hivyo tunasema, "Watalii hao!" Ni kweli, watalii walikuwemo, na wengi. Lakini ripoti ile ile ilisema kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanunuzi walikuwa Wakenya. Theluthi nzima! Hao hawakuja kwa ndege. Hao ni baba wa mtu, ni mjomba wa mtu, labda ni mtu unayempa salamu kila siku.

Na kwa mtoto, sheria yetu haina utata hata kidogo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 15, inamshika hata anayetoa pesa au zawadi kwa mtoto, au kwa mzazi wake, ili ampate: kifungo kisichopungua miaka 10. Akishamwingilia, kifungu cha 8 chasema kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa na 16 au 17. Hapo hakuna "alikubali mwenyewe". Mtoto hana kukubali. Kumbe mnunuzi wa mtoto ametajwa tangu mwaka 2006, bali sisi ndio tunaokaa naye barazani tukanywa kahawa, kisha tukamwita yule mtoto malaya.

Nasi tuliosoma chuoni hatuna udhuru. Fungua Sura ya An-Nur, utazame mpangilio wake. Amri ya kuinamisha macho imewaanza wanaume katika aya ya 30, ndipo wakafuatia wanawake katika aya ya 31. Aya ya 33 inakataza kuwalazimisha wanawake kuingia katika ukahaba kwa kutaka mali ya dunia, na ikamalizikia kwa kutaja msamaha na rehema ya Mola baada ya kulazimishwa kwao. Tumeihifadhi sura hii tukiwa watoto, wengine kwa bakora. Vipi basi tukikua tunaanzia kwa mwanamke na kuishia kwa mwanamke?

Sasa nakuja kwenye la mwisho, nalo ni gumu kwangu. Kabla sijaiona ile korti, nilikuwa hosteli. Usiku mmoja mwenzangu mmoja, simtaji kwa sitara, alirudi akatusimulia alivyomchukua msichana barabarani na alivyomlipa nusu ya walichopatana, kwa sababu alijua hawezi kwenda kushtaki popote. Tulikuwa watano chumbani. Wote tulicheka. Mimi nilicheka. Sikununua, lakini nilicheka. Siku ile kortini, nilipokuwa nikiwahesabu wale wanawake tisa, nilikikumbuka kicheko changu. Yule mwenzangu alijua sheria iko upande wake bila kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria. Na kicheko chetu kilimthibitishia.

Basi, ndugu msomaji, nakuomba mambo matatu. La kwanza, katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika kazi zake. Ukisikia kaunti yako yatengeneza upya sheria zake ndogo, nenda na jumuiya yako, muulize kwa adabu: mbona sheria hii yamkamata mmoja? La pili, ukijua kuna mtoto ananunuliwa, usiseme ni mambo ya watu. Piga simu 116, ni laini ya watoto, haina malipo, au nenda kituo cha polisi na mtu mzima unayemwamini. La tatu halihitaji bunge wala polisi: mwenzako akisimulia kama yule wa kwetu alivyosimulia, usicheke. Ukiweza mnasihi. Ukishindwa, inuka utoke. Ataona kwamba mmoja hakucheka.

Yule dada mwenye leso sikumuona tena. Faini yake ililipwa saa nane mchana, na nani sijui. Mola amsitiri yeye na mwanawe, azikubali swaum zetu, na atujaalie tuwe wa kuanza kujihesabu wenyewe kabla hatujawahesabu wanyonge. Amin.

Wabillahi tawfiq.